Laimonis Strautmanis, Besi Aliyelia Kama Mbuzi

Waombolezaji wapendwa, majirani, wanakwaya wa Mežupe, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha maziwa, na ninyi mliotoka Valmiera na Riga asubuhi hii barabara zikiwa na barafu, familia ya Strautmanis inawasalimu na inawaomba mkae vizuri, kwa kuwa historia hii ni ndefu kidogo kuliko ilivyo desturi yetu, na aliyeirefusha ni marehemu mwenyewe, ambaye tarehe 2 Oktoba mwaka huu wa 2022, akiwa kitandani lakini mwenye akili timamu, aliagiza kwamba jambo la mbuzi lisomwe lote mbele ya watu, lisipunguzwe wala lisipambwe, akaongeza kwamba likirukwa ataamka.

Marehemu Laimonis Strautmanis alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 7 Machi 1951 katika mkoa wa Tomsk, Siberia, ambako wazazi wake, Krišs na Alvīne, walikuwa wamepelekwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti mwezi Machi 1949, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, akitanguliwa na kaka yake Zigurds, mtunzi wa muziki, aliyezaliwa hapa Mežupe mwaka 1947 na ambaye yuko nasi leo katika benchi la mbele. Cheti cha kuzaliwa kinasema tarehe 9, lakini hiyo ni siku ambayo karani alifika kijijini, na mama yake hakuikubali tarehe ya karani hata siku moja. Familia ilirudi Mežupe Septemba 1956, Laimonis akiwa na miaka mitano na nusu, akijua nyimbo nyingi kuliko maneno, kwa sababu huko walikotoka kaka yake alikuwa akiimba sauti ya juu na kumlazimisha mdogo wake ashike ya chini, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuishika.

Alisoma shule ya msingi ya Mežupe kuanzia 1958 hadi 1966, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa maziwa, alikohitimu Juni 1970 kwa alama nzuri katika masomo yote isipokuwa kuchora, akalitumikia jeshi kwa lazima karibu na Murmansk hadi Novemba 1972, na huko akaimba katika kwaya ya askari, jambo ambalo, kwa maneno yake, lilimwokoa na baridi mara mbili kwa wiki. Tarehe 4 Desemba 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa cha Mežupe, akaanza kwenye mapokezi ya maziwa, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa jibini, na alistaafu tarehe 31 Machi 2016 baada ya miaka arobaini na mitatu na miezi minne. Wengi wenu mmekula jibini lake la kisibiti katika Jāņi, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, bila kujua jina la aliyelitengeneza, na yeye aliona hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Tarehe 23 Agosti 1975 alifunga ndoa na Vizma Krastkalne, aliyekuwa mgawa barua wa mji huu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sarmīte, aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1977, na Ainārs, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1981, pamoja na wajukuu wanne. Katika kwaya ya Mežupe aliimba besi kuanzia Januari 1973 hadi Septemba mwaka huu, na daftari la mahudhurio linaonyesha alikosa mazoezi kumi na moja tu, manne kati ya hayo kwa sababu ya ng'ombe wa watu wengine.

Sasa linakuja jambo lenyewe.

Mwaka 1988 Zigurds, ambaye wakati huo alikuwa mtunzi kijana wa Riga mwenye jina linaloanza kuvuma, aliwaandikia watu wa mji wake wa kuzaliwa kazi ya kwaya yenye sehemu sita, akaiita *Kāzas*, yaani Harusi, ikamfuata bibi harusi tangu nyumbani kwa mama yake hadi kuvuliwa shada la maua la usichana na kufungwa kitambaa cha kichwa cha mke, na kwaya iliifanyia mazoezi majira yote ya baridi. Onyesho lilipangwa Jumamosi tarehe 4 Juni 1988, saa kumi na mbili jioni, katika kanisa hili hili. Tarehe hii imehakikiwa katika daftari la kwaya, na waliotuambia ni tarehe 5 wamekosea.

Ratiba za onyesho, nakala mia moja na hamsini, zilipigwa chapa katika ofisi ya kiwanda kwa mashine ambayo haikuwa na kistari cha kuweka juu ya irabu, ikabidi kistari kiongezwe kwa kalamu ya wino nakala moja baada ya nyingine, na kila aliyeketi hapa anajua kinachotokea kistari kile kikikosekana: *kāzas* inakuwa *kazas*, na harusi inageuka mbuzi. Kazi hiyo alipewa Laimonis kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa safi na kwa kuwa mtunzi alikuwa kaka yake. Aliweka vistari themanini na tatu, idadi aliyoikumbuka hadi kufa, halafu lori la maziwa likafika kiwandani mapema, akaziacha sitini na saba mezani akiamini kwamba rafiki yake Egons Cielava atazimalizia, na Egons, aliyekuwa dereva wa lori lenyewe, aliamini kwamba zimekwisha.

Jioni ile nusu ya kanisa ilikaa harusini na nusu ikakaa na mbuzi.

Sehemu tatu za kwanza zilipita kwa heshima, ingawa minong'ono ilikuwepo kwenye mabenchi ya nyuma na bibi mmoja alionekana akimwonyesha jirani yake karatasi huku mabega yanatikisika. Ikafika sehemu ya nne, bibi harusi anavuliwa shada, wanawake wanaimba kwa midomo iliyofungwa, kisha wote wananyamaza, na Zigurds, aliyekuwa akiongoza mwenyewe, akainua mkono wake kuushikilia ule ukimya. Egons alikuwa teno wa mwisho katika safu, Laimonis besi wa kwanza, bega kwa bega. Egons akamnong'oneza bila kusogeza midomo:

"Haya, bwana, na mbuzi huyu nani anamkamua?"

Laimonis alibana meno, akabana tumbo, akamwangalia Kristo wa madhabahuni, na kicheko kilichokosa mlango kikatokea puani na kooni kwa pamoja, kirefu, chenye kutetemeka, na kikasikika hadi kwenye kinanda cha juu:

"Meee."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Zigurds aliweka kijiti cha kuongozea juu ya nota, akawainamia watu kama inavyopaswa, akatoka kwa mlango wa sakristia, akapanda basi la Riga la saa mbili na dakika ishirini. Kuanzia siku hiyo hakuruhusu muziki wake hata mmoja uimbwe Mežupe, na hakutoa sababu.

Kwenye mazoezi ya Jumanne iliyofuata, mwalimu wa kwaya wa wakati ule aliuliza mara moja tu, "Nani?" na Laimonis alifungua mdomo. Familia inaandika hivi kwa sababu yeye mwenyewe alisisitiza: alifungua mdomo, sauti haikutoka, na macho ya watu wote yalikuwa yamekwisha kumwendea Egons, mcheshi wa mji, aliyewahi kumvisha sanamu ya mbele ya halmashauri kofia ya mkamuaji. Egons akainua mabega.

"Kama mnataka mbuzi, mbuzi ndiye huyu," alisema, na watu wakacheka, na jambo likaisha kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Tangu hapo mji ulimwita Egons Mbuzi. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Januari 1994, akiwa na miaka arobaini na mitano, na katika mazishi yake, Laimonis akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza, mtu fulani nyuma alilia "mee" kwa sauti ndogo, kwa upendo kabisa, na wengine wakatabasamu. Laimonis alisema kwamba siku hiyo jeneza lilikuwa zito kuliko alivyokuwa Egons. Kuanzia mwaka huo alimpelekea mjane, Valija Cielava, jibini zima la mviringo kila Pasaka na kila Jāņi, na mji ukamsifu kwa ukarimu, na kila sifa ilimchoma.

Mwaka 2004 kiwanda kilianza kutengeneza jibini la maziwa ya mbuzi, na fundi mkuu, mtu aliyekuwa hajawahi kukataa kazi, aliomba ahamishiwe ghala la baridi. Vizma alimuuliza jioni hiyo mezani:

"Mbuzi wamekukosea nini, mume wangu?"

"Harufu."

"Harufu? Wewe uliyekaa miaka thelathini na maziwa yaliyochacha, ukanilalia nayo kitandani, leo unazungumzia harufu?"

Akakaa ghalani hadi alipostaafu.

Kwa miaka hiyo yote ndugu hawa wawili hawakugombana hata mara moja, na labda hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Walipelekeana kadi siku za majina yao katika kalenda, kama ilivyo desturi yetu, walibeba pamoja jeneza la mama yao tarehe 16 Oktoba 1999, walisimama kaburini wakazungumza kuhusu mvua, na Zigurds akarudi Riga kwa basi. Muziki wake uliimbwa Helsinki, Tokyo na kwingineko, Laimonis aliusikiliza redioni jikoni, na wimbo ulipokwisha alizima redio kabla watu hawajapiga makofi.

Tarehe 21 Februari mwaka huu madaktari waligundua kwamba marehemu ana saratani ya kongosho, wakamwambia kwa uwazi aliouomba kwamba huenda asifike Krismasi. Wakati huo huo mwalimu wa sasa wa kwaya yetu, Dzintra Vītiņa, alikuwa akiandaa tamasha la siku tatu la kumuenzi Zigurds kwa kutimiza miaka sabini na mitano, na alikuwa amemwandikia mara mbili, 2020 na 2021, akakataliwa mara mbili kwa adabu. Barua ya tatu ilijibiwa, na tarehe 12 Aprili Dzintra aliisoma mbele ya kwaya: mtunzi anakubali kuja, kwa sharti moja, kwamba *Kāzas* iimbwe yote, na kwamba waliosimama kwaya mwaka 1988 na ambao bado wako hai wasimame tena, wote, bila kukosa hata mmoja.

Waliobaki walikuwa watano. Wanne walifurahi.

Laimonis alifika nyumbani, hakuvua koti, akakaa mbele ya sahani ya supu hadi ikaganda utando.

"Anakuja kuhesabu," alisema.

"Nani anahesabu nini?" aliuliza Vizma.

Ndipo akamwambia kwamba aliyelia ni yeye, si Egons. Vizma alisikiliza hadi mwisho, akakunja kitambaa cha mezani mara mbili, akakikunjua.

"Miaka arobaini na sita nalala na mbuzi," alisema, "na nambari ya posta ya kila nyumba mji huu naijua, ila hilo sikulijua."

"Cheka tu."

"Sicheki. Valija je?"

Laimonis akausogeza ule utando kwa kijiko.

"Nakuuliza, Laimonis. Kaka yako ana Tokyo yake. Valija ana nini? Mtoto wake alipigana shuleni kwa sababu ya lile jina. Unakufa, na unataka kufa nalo?"

"Nitamwambia Zigurds kwanza. Kwa simu."

Alipiga simu mara tatu, tarehe 3 Mei, tarehe 19 Mei na tarehe 8 Juni, na Vizma, aliyekuwa akisikiliza akiwa mlangoni, anathibitisha kwamba mara zote tatu walizungumza kuhusu viazi. Mara ya tatu Zigurds aliuliza, "Kuna lingine?" na Laimonis akasema kwamba viazi vya mapema vimeota vizuri. Akiwa mgonjwa, alianza kuamka kabla ya alfajiri akizunguka bustanini, akipungua uzito kwa sababu mbili, na daktari alijua moja tu.

Ijumaa tarehe 12 Agosti, saa tano asubuhi, yalifanyika humu kanisani mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho, na watu wengi waliruhusiwa kuingia kutazama, miongoni mwao Valija, aliyekuja na mfuko wa maandazi ya nyama ya kuwapa waimbaji. Zigurds alipanda jukwaani kwa fimbo, akafungua nota, akasema wataanzia sehemu ya nne. Mtu asiye wa hapa asingeona kitu, lakini waliokuwepo mwaka 1988 waliona shingo ya Laimonis ikiwa nyekundu, kisha nyeupe, na kabla mkono wa mwongozaji haujainuka yeye alitoka kwenye safu, akasimama kwenye zulia, kofia mkononi ingawa hakuwa ameivaa.

"Kaka, subiri," alisema. "Mwaka ule si Egons. Egons hakulia. Nililia mimi. Na aliyeviacha vile vistari ni mimi pia."

Zigurds alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akaivaa tena.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Egons alikuwa teno, mdogo wangu. Yule mbuzi alikuwa besi. Tena besi niliyemfundisha mwenyewe, na alikuwa chini ya nota kidogo, kama kawaida yake."

Safu ya alto ilianza kucheka na Dzintra akaitazama ikaacha.

"Basi kwa nini hukusema?" Laimonis aliuliza, na waliokuwa karibu wanasema alikuwa analia waziwazi. "Miaka thelathini na minne, Zigurds. Kila siku ya jina langu kadi, na hukusema. Nilijua umenichukia."

"Nikuchukie kwa lipi?" Zigurds alikaa kwenye kiti cha kinanda, kwa sababu miguu yake haikumruhusu kusimama zaidi. "Sikilizeni, na ninyi wote, maana nimeona hata kwenye basi watu wa Mežupe wananiomba radhi na sielewi wanaomba nini. Sikuondoka kwa sababu ya mbuzi. Pale alipolia palikuwa na ukimya, si ndiyo? Mnakumbuka mlivyousifu ule ukimya kwenye mazoezi? Mwalimu wenu aliuita mtakatifu. Haukuwa mtakatifu. Nilishindwa kuandika. Zilibaki siku kumi mazoezi yaanze, bibi harusi amevuliwa shada, na sikujua nani aseme nini, nikaacha karatasi tupu nikaandika: nyamazeni. Nikasimama hapa nimeinua mkono kama askofu, nikishikilia kitu ambacho hakipo. Na mbuzi akaingia akapajaza. Mji mzima ukacheka, nami nikaona wana haki, wamegundua. Niliona aibu, nikapanda basi."

"Kwa hiyo hukutukasirikia?"

"Nilikuwa naandika ukurasa mmoja. Nimeuandika mara arobaini na moja. Nisingeweza kuuruhusu uimbwe hapa bila ule ukurasa, na muziki mwingine mngeimba mkiniuliza, na Harusi iko wapi? Nilidhani mnanicheka bado."

"Sisi tulidhani umetulaani," alisema mmoja wa soprano, na hapo ndipo kicheko kilipotoka kweli, cha watu wazima waliokuwa wamejizuia tangu mwaka 1988.

Lakini Laimonis hakucheka, kwa kuwa alikuwa amegeukia benchi la tatu, alikokaa Valija na mfuko wake wa maandazi.

"Valija," alisema.

Valija aliinuka. Ni mwanamke mfupi, mliomwona leo mmemwona, na alimwendea hadi kwenye zulia.

"Miaka thelathini na minne mimi ni mke wa Mbuzi," alisema. "Sokoni, posta, kwa daktari wa meno. Na wewe unaniletea jibini kila Pasaka, mimi nawaambia watu, Laimonis ana moyo, jamani. Moyo! Ulikuwa unalisha dhamiri yako kwa meza yangu."

"Ndivyo."

"Usiseme ndivyo kama mtu anayepokea maziwa. Unafikiri Egons hakuniambia? Aliniambia usiku ule ule. Nikamwambia, nenda kesho ukaseme si wewe. Akasema, 'Valija, mimi sina kaka wa kumpoteza. Yeye anaye mmoja. Acha niwe mbuzi, pembe zinanipendeza.' Mpumbavu yule." Alimpiga Laimonis kifuani kwa mfuko, si kwa nguvu. "Hasira yangu si kwamba ulilia. Ni kwamba nilikungoja uje useme. Kila Pasaka nafungua mlango nasema leo atasema, na wewe unaniuliza hali ya paa."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jibini la mwaka 2001, lile lilikuwa zuri. Lakini jina utalisafisha mwenyewe, mbele ya watu. Na jibini usiache kuleta."

Mazoezi yaliendelea baada ya maandazi. Zigurds aligawa ukurasa mpya, na mahali pa ule ukimya sasa aliimba besi mmoja, peke yake, mistari miwili tu ya nota, baba wa bibi harusi anayemwambia binti yake kwamba mlango haufungwi. Alimnyooshea Laimonis karatasi.

"Kumbe ndiyo sababu ya sharti lako," alisema Laimonis.

"Sauti ya kushika chini sikuwa nayo nyingine tangu Siberia. Unaweza?"

"Nina kongosho bovu, si koo."

Jumamosi tarehe 13 Agosti 2022, saa kumi na mbili jioni, *Kāzas* iliimbwa yote kwa mara ya kwanza, mbele ya watu mia nne na ishirini ndani na wengine waliosimama nje madirisha yakiwa wazi. Ratiba zote zilikuwa na kistari, marehemu alizikagua mwenyewe tangu asubuhi, nakala mia tano, akiwa amekaa kwenye ngazi za kanisa na mto mgongoni. Aliimba mistari yake miwili, alipumua mahali pamoja pasipotakiwa, na mtunzi, anayejulikana kuwa mtu mkali, hakukunja uso. Wimbo ulipokwisha, Laimonis alisimama akayasikiliza makofi hadi la mwisho.

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa Sikukuu ya Makaburi, watu wamekuja kutoka kila upande kwa ajili ya wafu wao, mchanga wa makaburi umesawazishwa kwa reki, maua yamewekwa, na mchungaji alipomaliza maombi alimpa Laimonis nafasi aliyoiomba. Alisimama penye kaburi la Egons akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya mashine: "Egons Cielava hakulia kanisani mwaka 1988. Nililia mimi, Laimonis Strautmanis, na yeye alinifichia hadi kufa." Kisha akavaa kofia. Watu kadhaa wazee walimwendea Valija wakampa mkono mmoja mmoja, bila kusema, kama inavyofanywa kwenye mazishi, na yeye alipokea mikono yote.

Miezi mitatu iliyofuata, familia inashuhudia, ilikuwa miezi mizuri. Ugonjwa uliendelea na kazi yake, maumivu yalikuwepo na hayapaswi kufichwa, lakini mtu aliyekuwa akizunguka bustanini kabla ya alfajiri alilala hadi jua lilipoingia chumbani. Zigurds alihamia chumba cha juu tarehe 4 Septemba na hajakihama, na kutoka jikoni walisikika wakigombana, kwa mara ya kwanza maishani, kuhusu namna ya kupika mbaazi za kijivu, wakipigiana kelele kama watoto, Vizma akiwaambia watafute nyumba yao. Na jambo ambalo Laimonis alilificha miaka thelathini na minne alimsimulia kila aliyeingia: nesi, mchungaji, mgawa barua mpya, na fundi wa intaneti aliyekuja kwa dakika kumi akakaa saa moja na nusu. Vizma alimwambia siku moja, "Inatosha sasa, hata paka anaijua," naye akajibu, "Paka nilimwambia zamani, ndiye peke yake."

Tarehe 11 Novemba aliacha kula. Tarehe 18, siku ya taifa, aliomba dirisha lifunguliwe asikie kwaya uwanjani, akasema teno wamechelewa kuingia, na walikuwa wamechelewa kweli. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 19 Novemba 2022, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa upande wa kulia na kaka yake upande wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi minane na siku kumi na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kuanzia Februari, ambao hawakumdanganya, na hasa nesi aliyekuja nyumbani kila siku ya pili hata theluji ya kwanza ilipoanguka. Inawashukuru majirani waliokusanya majani makavu kwa reki, waliopasua kuni na walioleta chakula, wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa waliobeba jeneza, Dzintra Vītiņa na kwaya nzima, pamoja na Valija Cielava, ambaye ndiye aliyeoka mkate wa leo na ambaye atakaa mezani na familia. Tukitoka kaburini, wote mnakaribishwa ukumbini.

Laimonis, mume wa Vizma, mdogo wake Zigurds, baba na babu yetu, ulichokuwa nacho umekisema chote, na waliopaswa kukisikia wamekisikia wakiwa hai, nawe ukiwa hai. Hakuna anayekungoja mlangoni na swali. Pumzika kwa amani.